Herufi ya Mwisho na Jina la Bwana



 Najua ya kuwa saa hii wengi wenu mmeketi pamoja na watoto. Basi, mwulizeni mtoto aliye karibu nanyi: Herufi ya kwanza ni ipi? Atajibu: A. Na ya mwisho? Atajibu: Z. Lakini mkimwuliza kwa nini Z imewekwa nyuma ya wenziwe wote, atanyamaza.

Swali la pili hutoka kwa wakatekumeni, nao huuliza kila mwaka: Mwalimu, kwa nini sisi Wakatoliki twaandika YEZU kwa Z, na ndugu zetu Waprotestanti waandika YESU kwa S? Je, kuna Mabwana wawili?

Maswali haya mawili ni ya herufi moja, nami nitayajibu pamoja. Msidhani ya kuwa ni mchezo wa shule. Kwa sababu ya herufi hiyo watu wa nyumba moja wamekataa kusali pamoja, na hilo si jambo dogo mbele ya Mungu.

1. Herufi iliyofukuzwa

Herufi tuandikazo leo zilianza zamani sana kwa watu wa Foinike, waliokaa pwani kaskazini ya nchi ya Wayahudi, katika miji ya Tiro na Sidoni ambayo Injili yaitaja. Herufi zao zilikuwa 22, na Z haikuwa ya mwisho. Iliitwa zayin, ikakaa mahali pa saba.

Wagriki walizipokea herufi hizo, wakaiita Z kwa jina la zeta. Kwao pia zeta ilitumika kuandika hesabu ya 7. Nalo neno la Kigriki lenye maana ya uzima, zoe, laanza kwa zeta. Ndilo neno ambalo Mtakatifu Yoane alilitumia mara nyingi katika Injili yake, alipotufundisha ya kuwa Bwana wetu ndiye uzima.

Kisha Waroma walijifunza kuandika kwa jirani zao Waetruski, ambao nao walikuwa wamejifunza kwa Wagriki. Mwanzoni waliiacha Z mahali pake pa saba. Lakini katika lugha yao haikuwa na kazi. Ilikaa tu kama mtu asiye na shamba. Basi, katika karne ya tatu kabla ya Kristu waliitoa, wakatengeneza herufi mpya, ndiyo G, wakaikalisha katika kiti chake. Hesabuni kwa vidole, ninyi watoto: A, B, C, D, E, F, G. Ya saba ni ipi? Ni G. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa Z.

Karne mbili zikapita. Waroma wakazitawala nchi za Wagriki, wakataka kuandika majina na maneno ya Kigriki. Ndipo walipoona ya kuwa herufi zao hazikutosha. Katika karne ya kwanza kabla ya Kristu waliziita Y na Z kutoka kwa Wagriki, ziwatumikie kwa maneno ya wageni. Lakini viti vyote vilikuwa vimejaa. Basi wageni wawili hao waliwekwa mkiani, Y kwanza, na Z nyuma yake. Wamekaa hapo mpaka leo.

Hilo ni jibu la swali la kwanza. Z ni ya mwisho kwa sababu ilifukuzwa, kisha ikarudishwa kwa ajili ya kuwatumikia wageni.

Tena yafaa tukumbuke ni majina gani ya Injili yaanzayo kwa herufi hii. Zakayo alikuwa mtoza ushuru, mfupi wa kimo, aliyechukiwa na watu wa mji wake hata akapanda mti ili amwone Bwana. Naye Bwana alimwita yeye, akaingia nyumbani mwake. Zebedayo alikuwa mvuvi, nao wanawe wawili, Yakobo na Yoane, waliombewa na mama yao wapewe viti vya kwanza katika ufalme. Bwana aliwafundisha ya kuwa atakaye kuwa mkubwa awe mtumishi wa wenziwe. Hivyo wana wa Zebedayo walitafuta mahali pa kwanza, wakaonyeshwa mahali pa mwisho.

2. Herufi za mwisho katika Maandiko Matakatifu

Si alfabeti zote ziishiazo na Z. Kwa Wagriki herufi ya mwisho ni Omega. Ndiyo maana katika kitabu cha Ufunuo Bwana ajiita Alfa na Omega, yaani herufi ya kwanza na herufi ya mwisho. Kila mwaka, usiku wa Pasaka, mwaziona herufi hizo mbili. Padri achora msalaba juu ya mshumaa mkubwa; juu ya msalaba aandika Alfa, chini yake Omega, na katika pembe nne aweka tarakimu za mwaka ule. Maana yake ni kwamba wakati wote ni wa Kristu, tangu siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho.

Kwa Waebrania herufi ya mwisho yaitwa Tau. Katika kitabu cha nabii Ezekieli, mlango wa 9, Mungu amwagiza mtu mwenye kidau cha wino apite katika Yeruzalemu, awatie alama katika paji la uso wale wanaohuzunika kwa sababu ya maovu ya mji. Alama hiyo kwa Kiebrania ni Tau. Tena, katika mwandiko wa kale wa Kiebrania, Tau iliandikwa kwa mistari miwili inayokatana, mfano wa msalaba. Kwa hiyo Wakristu tangu zamani waliona humo mfano wa ishara tunayotiwa katika paji la uso siku ya Ubatizo na siku ya Kipaimara. Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliipenda sana Tau, akaitia katika barua zake kama sahihi.

Ndugu zangu, tazameni: herufi ya mwisho ya Waebrania ni mfano wa msalaba, na msalaba ndio mahali pa mwisho kabisa ambapo mtu angeweza kuwekwa. Bwana wetu alipachagua hapo.

3. Z katika Kiswahili chetu

Kiswahili kilifika kwetu Maniema pamoja na misafara ya wafanya biashara waliotoka Zanzibar na pwani. Katika miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Na Kabambare ilikuwa kituo cha njia itokayo ziwa la Tanganyika. Lugha hiyo ilikuja pamoja na pembe za ndovu na minyororo ya watumwa. Wazee wetu hawakuisahau minyororo ile. Lakini Mungu ajua kutoa mema mahali palipotendwa mabaya, na leo tunamwomba Mungu kwa lugha hiyo hiyo.

Pamoja na Kiswahili tulipata maneno yenye Z yaliyotoka kwa Waarabu: zaburi, zaka, zabibu, zeituni. Kwetu hakuna mizabibu wala mizeituni. Sisi twajua michikichi na mpunga. Hata hivyo divai ya Misa yatoka katika zabibu, na mafuta matakatifu tangu kale yalitoka katika zeituni. Mwaka 1972 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliruhusu ya kuwa, mahali zeituni zisipopatikana kwa urahisi, wagonjwa wapakwe mafuta mengine yatokayo katika mimea. Mafuta yaweza kubadilika, lakini neema ya Mpako wa Wagonjwa ni ile ile.

Sasa tazameni maneno ambayo ni ya asili ya Kibantu. Mtoto anazaliwa, waliomleta duniani ni wazazi, akikua sana aitwa mzee, akifa anazikwa. Tena katika Nasadiki twaungama ya kuwa Mwana wa Mungu alizaliwa, akazikwa, na mwishoni twataja uzima wa milele. Kuzaliwa, kuzikwa, uzima: herufi ya mwisho imo katika yote matatu.

Tena kuna kazi moja ya Z ambayo kwetu imeanza kusahauliwa. Njiani na sokoni wengi husema "ndugu yangu" kwa mtu mmoja, na "ndugu yangu" hata kwa watu kumi. Lakini Kiswahili cha vitabu chasema: ndugu yangu, mmoja, ndugu zangu, wengi. Vivyo hivyo dhambi yangu ni moja, dhambi zangu ni nyingi. Mkristu aendaye kuungama aijue tofauti hiyo. Dhambi ya asili ni moja, nayo huondolewa na Ubatizo. Lakini dhambi zangu ni zile nilizozitenda mimi mwenyewe, kwa mawazo, kwa maneno na kwa matendo, na zile kubwa yanipasa kuzitaja kila moja mbele ya padri.

Wengi wetu husema "zambi" mahali pa dhambi, na "zahabu" mahali pa dhahabu, kwa kuwa ulimi wetu haupendi dh. Si kosa la kumcheka mtu. Lakini mjue ya kuwa katika Kikongo Mungu huitwa Nzambi, na katika Lingala huitwa Nzambe. Basi mgeni atokaye Kinshasa akitusikia tukisema tumejaa zambi, aweza kushangaa kidogo mpaka aelezwe.

4. YEZU au YESU?

Sasa nafika kwenye swali la wakatekumeni.

Malaika alipomwambia Yosefu jina la mtoto, hakusema Yezu wala Yesu. Kwa Kiebrania jina lile ni Yeshua, nalo lina maana ya kuwa Mungu anaokoa. Lina sauti ya sh. Wagriki hawakuwa na sauti hiyo, wakaandika kwa herufi yao ya S: Iesous. Walatini wakafuata: Iesus. Wafaransa nao waandika kwa S, lakini S iliyo kati ya vokali mbili wao huitamka Z.

Mwaka 1868 Kardinali Lavigerie, ambaye wakati ule alikuwa askofu mkuu wa Algiers, aliliunda shirika la Mapadri Weupe, ambao ndio walioleta Injili kwetu. Wengi wa kwanza walikuwa Wafaransa, kisha wakaja Wabelgiji na Waholanzi. Katika vitabu vyao waliandika Z, kama jina linavyosikika katika kinywa cha Mfaransa. Waprotestanti waliandika S, kama inavyoandikwa katika Kigriki na Kilatini. Cha kushangaza ni kwamba Waingereza na Wajerumani nao, wakilisema jina hili katika lugha zao, husikika wakitamka Z.

Basi, sh imekuwa s, na s imekuwa z, na Waislamu husema Isa. Hakuna hata mmoja wetu anayetamka jina lile kama Bikira Maria alivyolitamka nyumbani kwake Nazareti. Lakini Bwana asikia.

Tena si sisi peke yetu. Katika Buganda pia Wakatoliki husema Yezu, na Waprotestanti husema Yesu. Siku ya 3 Juni 1886, huko Namugongo, vijana Wakatoliki na vijana Waprotestanti walichomwa pamoja kwa amri ya kabaka Mwanga, kwa kuwa walikataa kumkana Kristu. Moto ule haukuwatenga. Na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, alipowatangaza Watakatifu wale 22 Wakatoliki tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka pia wale Waanglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristu. Mwezi uliofuata, tarehe 21 Novemba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitufundisha ya kuwa wale wanaomwamini Kristu, nao wamebatizwa ipasavyo, wamo katika umoja fulani na Kanisa Katoliki, ijapokuwa umoja huo haujakamilika. Ni ndugu zetu katika Bwana.

Kati ya Kasongo na Kabambare niliona jambo nisilopenda kuliona tena. Katika kijiji kimoja alifariki mama mmoja. Baadhi ya watoto wake walikuwa wa kanisa hili, wengine wa kanisa lile. Usiku wa kilio waimbaji wa pande mbili walikaa mbalimbali. Hawa walipoanza wimbo, wale walinyamaza kwa sababu ya Z. Wale walipoanza, hawa walinyamaza kwa sababu ya S. Maiti ilikuwa katikati, nasi tukasikia kimya tu. Ndipo mwanamke mzee akasimama, akanielekea, akasema: "Mwalimu, huyu mimi namwita dada, hawa wanamwita mama, na wale wanamwita shangazi. Je, kesho tutachimba makaburi matatu?"

Hakuna aliyemjibu. Baadaye kijana mmoja alianza wimbo, na wote wakaupokea, kila mtu kwa herufi yake. Alfajiri tulimzika mama yule katika kaburi moja.

Wazee mnakumbuka ya kuwa tangu tarehe 27 Oktoba 1971 hata tarehe 17 Mei 1997 nchi yetu iliitwa Zaire. Jina hilo lilitoka katika neno la Kikongo lenye maana ya mto, nzadi, ambalo Wareno wa zamani hawakuweza kulitamka vema. Tena mwaka 1972 serikali ilituamuru tuache majina ya kigeni, na wengi waliobatizwa hawakuweza tena kuitwa hadharani kwa majina ya Ubatizo. Lakini Lualaba haikuacha mkondo wake, wala waliobatizwa hawakuacha kuwa watoto wa Mungu. Alama ya Ubatizo haikuandikwa kwa wino.

Basi tufanyeje? Sisi tuishike Z yetu bila haya, maana ndiyo iliyomo katika vitabu vyetu vya sala, na ndiyo tuliyofundishwa na wazazi wetu. Wala tusimfiche mtu yale mengine ambayo bado yanatutenga na ndugu zetu. Hayo ni makubwa kuliko herufi, nayo tuyaombee. Lakini jina lisiwe jiwe la kumtupia jirani. Bwana mwenyewe alituonya ya kuwa si kila amwitaye Bwana atakayeingia mbinguni, bali yule afanyaye mapenzi ya Baba. Hatatuuliza tuliliandikaje jina lake. Atatuuliza kama tulimlisha mwenye njaa na kama tulimzuru mgonjwa.

Na kabla sijafunga, litazameni jina lenyewe: Y, E, Z, U. Zile herufi mbili za mkiani, wale wageni ambao Waroma waliwaweka nyuma ya wote, zote mbili zimo ndani yake. Mtoto wako akilia kwa kuwa ni wa mwisho darasani, mwonyeshe hayo. Na wewe uliyekuja hapa kwa kukimbia vita, huna shamba wala nyumba, nawe wadhani huna mahali kati yetu, yatazame wewe pia.

5. Maswali ya kukumbuka

Swali: Kwa nini Z ni herufi ya mwisho?
Jibu: Kwa kuwa Waroma waliitoa mahali pake pa saba, kisha wakairudisha na kuiweka nyuma ya nyingine zote, ili waandike maneno ya Kigriki.

Swali: Alfa na Omega maana yake nini?
Jibu: Maana yake Kristu ni mwanzo na mwisho wa vitu vyote.

Swali: Jina la Yezu lina maana gani?
Jibu: Lina maana ya kuwa Mungu anaokoa.

Swali: Asemaye Yezu na asemaye Yesu wamwita nani?
Jibu: Wamwita Bwana mmoja, Mwana wa Mungu, aliyezaliwa na Bikira Maria, akazikwa, akafufuka.

Swali: Mkristu aliyebatizwa katika kanisa jingine tumwiteje?
Jibu: Tumwite ndugu.

Wiki hii kila baba na kila mama wa nyumba awafundishe watoto majibu haya. Na kama kwenu kuna jirani ambaye hamsalimiani kwa sababu ya kanisa lake, mmoja wenu aende kumsalimu kabla ya Dominika.

Ndugu zangu, nasema zangu, maana ninyi ni wengi: Mungu awabariki.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.